Kitana Kutoka Nyuma ya Pazia

Jua lilipoanza kuzama, mfalme alifuta mdomo, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni bila kumtazama mtu, akasema neno lake la kila siku.

"Nenda kamsalimie."

Mshika upanga wake akainama, akageuka, akaondoka. Kwaru... kwaru... kwaru... Ndivyo upanga ulivyolia ukiburuzika kwenye sakafu ya mawe. Upanga wa mfalme ulikuwa mrefu, na kijana mwenyewe, tuseme ukweli tu, miguu hakujaliwa. Ukoo wao wote ulikuwa hivyo: heshima kubwa, miguu mifupi. Tangu zamani kazi ya kushika upanga ilikuwa yao. Kabla yake aliushika mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye sasa alikuwa mzee wa baraza. Wapishi na wafagizi walimwita kijana Kwaru kwa sababu ya ule mlio. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akazoea, maana hata aliyempenda alimwita hivyo hivyo.

Na aliyempenda alikuwa Binti Mfalme. Ndiyo. Mtu akitaka balaa haagizi, analifuata mwenyewe kwa miguu yake.

Katika nyumba ile ya kifalme, binti akishakuwa mkubwa hakuonwa na mwanaume yeyote mpaka aolewe, hata na baba yake mzazi. Baba alimjulia hali kwa kutuma mtu. Mwisho wa ushoroba wa chini kulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kati kwa pazia zito jekundu, kutoka darini hadi sakafuni. Upande wa huku kigoda cha mjumbe. Upande wa kule binti na yaya wake, walioingia kwa mlango wao wa ndani. Mjumbe aliuliza, binti alijibu, basi.

"Baba anauliza, umeshindaje?"

"Mwambie nimeshinda salama."

Hayo tu. Lakini siku moja sauti ikaongeza, "Na wewe unayekwaruza sakafu yetu, umeshindaje?" Kwaru akababaika, akajibu kwamba upanga umeshinda salama. Nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo salamu ya mfalme ikawa inachukua muda mrefu kurudi. Walizungumza juu ya paka wa jikoni, juu ya mvua, juu ya wazee wa baraza wanaosinzia. Yaya alikoroma pembeni, na kila mtu alijua anakoroma kwa pua huku masikio yake yako macho. Hakuwazuia. Alikuwa amemlea yule mtoto tangu anyonyeshwe, alipenda kumsikia akicheka.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kwaru alikufa akaoza kwa mtu ambaye hakujua hata pua yake imekaaje.

Kisha mfalme akatangaza: Binti Mfalme ataolewa na mfalme wa nchi jirani, mzee mjane, mwezi mpya ukiandama.

Kwaru akamkimbilia mjomba wake. "Mjomba, niombee kwa mfalme. Wewe anakusikiliza."

Mzee alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole. "Ulizungumza naye wapi?"

"Pale pale, penye pazia. Mtu anazungumza naye wapi tena?"

"Achana na pazia lile."

"Kwa nini?"

"Nimesema achana nalo, mpwa wangu. Tafuta msichana unayemwona uso." Akakichukua tena kikombe, akamgeuzia mgongo.

Basi Kwaru akajitosa mwenyewe. Akapiga magoti mbele ya baraza zima, akasema anampenda Binti Mfalme. Mfalme hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka, wazee wakacheka naye.

"Wewe? Upanga wenyewe unakushinda kubeba, utambeba binti yangu?" Akajifuta machozi. "Kuanzia leo salamu basi. Bibi harusi hasalimiwi na mwanaume."

Kwaru alirudi chumbani kwake masikio yakiwaka moto. Aibu ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba jua lilizama siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine tena, na hakuna aliyemwambia, "Kwaru, leo umechelewa." Mwezi ulikuwa unazidi kukonda. Mwezi ukifa, yule msichana anapelekwa, na hatamsikia tena maisha yake yote. Hakuwaza jambo jingine.

Mwenye shida hachagui mlango. Uani, nyuma ya jiko, aliishi bibi aliyefua nguo za watu wote wa ile nyumba. Walimwita Bibi Povu. Macho yake yalikuwa yameliwa na magadi ya kufulia, akawa anaona mwanga na kivuli tu, lakini pua na vidole vyake vilimjua kila mtu. Watu walisema, kwa sauti ya chini, kwamba mikono inayoshika jasho la kila mtu haikosi kujua kulitumia. Mchana walimtania. Jioni walipita mbali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Miguu hiyo inaburuta nini, upanga au moyo?"

Akamweleza. Bibi Povu alikamua nguo aliyokuwa nayo mpaka ikakauka.

"Kufunga naweza," alisema. "Ukifungwa pamoja na mtu, hata wakimpeleka mwisho wa dunia, atarudi. Lakini sikiliza. Niletee kitu kilichogusa mwili wake. Cha kupewa, si cha kuiba. Akupe kwa mkono wake mwenyewe, na umuulize kama anakubali msiachane, akubali kwa kinywa chake. Na kamba hii, mjukuu wangu, haina macho. Inafunga kilichoshikwa. Usije ukanilaumu."

"Nitakulaumuje, bibi, nami ndiye nimekuomba?"

"Wote husema hivyo."

Siku ile ile, jua likizama, Kwaru alishuka ule ushoroba bila kutumwa na mtu.

Taa hazikuwashwa. Alijiambia watumishi wamezidiwa na shughuli za harusi. Akasukuma mlango wa nje, akapapasa kigoda, akaketi. Kulikuwa na harufu... Si ya ubani aliokuwa amezoea. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, na ya kitambaa kilichokaa na maji muda mrefu.

Akasikiliza. Yaya hakuwa akikoroma.

Akakohoa. Kimya.

Akasimama aondoke. Upanga ukagusa sakafu. Kwaru...

"Umerudi."

Moyo ukamlipuka paa! Akaketi tena. Sauti ilikuwa kavu, ya chini mno, ilibidi ainame kuisikia.

"Ni mimi," akanong'ona. "Mbona sauti imekauka hivyo? Ulikuwa unalia?"

"Nimelia sana."

"Walinizuia. Naapa walinizuia."

"Najua... Nilikuwa nasikiliza upanga. Kila siku nasikiliza upanga."

"Yaya yuko wapi?"

"Huku hakuna mtu. Niko peke yangu."

Kwaru alitaka kulia kwa huruma. Alimwambia yote: baraza, kicheko, Bibi Povu. Halafu akaomba. "Nipe kitu chako. Kitu kilichogusa mwili wako. Nipe kwa mkono wako."

Akanyoosha mkono gizani. Kisha akasikia kitu kikikwangua upande wa kule, polepole, kama mtu anayetafuta kitu chini kwa kucha. Pazia halikutikisika. Na katika mwanga hafifu uliopenya mlangoni, mkono ukatokea.

Haukutokea pembeni mwa pazia, mahali mtu angeupitisha mkono. Ulitokea chini kabisa, pale nyuzi za pazia zinapogusa sakafu. Kiganja juu, vidole virefu, na ndani ya vidole kitana cha pembe. Kwaru alijiambia amelala chini ili asionekane. Msichana wa heshima. Akapiga magoti, akakipokea. Vidole vikamshika. Vilikuwa vya baridi, na vilikuwa na maji.

"Unakubali tusiachane, mimi na w..."

"Nakubali."

Hata hakumaliza swali.

"Na wewe?" sauti ikauliza.

"Mimi?"

"Sema na wewe. Safari ile hukusema."

Kwaru hakukumbuka safari yoyote. Lakini niambie, wewe ungeuliza? Msichana unayemfia amekushika mkono gizani, anakuuliza kama unakubali, nawe uanze kuuliza habari za safari?

"Nakubali," akasema.

Pazia likavuta pumzi.

Lilivutwa ndani lote, likatulia, likaachiwa. Vidole vikamwachia. Kwaru akatoka mbio, kitana kifuani, akicheka mwenyewe kama mwehu.

Asubuhi Bibi Povu alikipokea kitana akakipitisha kwenye vidole, jino moja baada ya jingine. Akakipeleka puani. Akakinusa tena.

"Mjukuu wangu, hiki kinanuka udongo."

"Kilianguka, bibi. Funga."

"Na nywele hizi zilizonasa kwenye meno yake zinakatika zikiguswa. Msichana wa watu ana nywele za hivi? Una hakika amekupa yeye?"

"Bibi, nimekipokea mkononi mwake!"

"Mkono umeuona. Na uso je?"

"Uso wa Binti Mfalme hauonwi! Wewe hujui? Mwezi unakwisha, bibi, funga!"

Bibi Povu akashusha pumzi. Akachomoa uzi kwenye mkono wa kanzu ya Kwaru, akauzungusha kwenye kitana huku akinong'ona, akakitosa ndani ya pipa la maji ya magadi. Maji yalikuwa ya baridi, hayajawekwa motoni. Povu likapanda. Likapanda lenyewe, jeusi, likamwagika miguuni mwao. Bibi akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Imeshika," alisema. Hakufurahi. "Nenda. Na usinirudie hapa."

Alasiri yake yaya alimdaka penye mlango wa jiko, akamvuta sikio kama mtoto.

"Wewe Kwaru, umepotelea wapi wewe? Mtoto analia huko juu mpaka macho yamevimba, nawe unatembea tu na kijiti chako!"

"Nilimwona jana," Kwaru akanong'ona. "Yaani, nilimsikia."

"Ulimsikia wapi?"

"Chumba cha pazia."

Yaya akamwangalia. "Chumba gani? Alipandishwa ghorofani siku ile ile harusi ilipotangazwa, hajashuka tangu hapo, nalala naye chumba kimoja. Ule mlango wa ndani nimeufunga mwenyewe. Ufunguo huu hapa kiunoni, haujatoka." Akaupiga piga. "Acha kunichanganya. Sikiliza nilichotumwa. Anasema jua likizama leo atateremka kwa ngazi za nyuma, atakungoja penye lango la kuni. Yuko tayari kwenda nawe kwa mama yake mkubwa, ng'ambo ya milima. Anasema, kama unampenda, njoo. Kama humpendi, usije, ajue moja."

Nywele zilimsimama. Furaha na hofu vilimpanda pamoja mpaka hakujua kipi ni kipi. Binti Mfalme anampenda! Binti Mfalme yuko tayari!

Basi jana alimpa mkono nani?

Alimkuta mjomba wake peke yake barazani. Alieleza kwa kukatakata maneno. Alipofika kwenye mkono uliotokea chini, mzee alikaa sakafuni. Mzee mzima, wa heshima zake, kitako sakafuni.

"Alikuambia nini ulipoingia?"

"Aliniambia, 'Umerudi.'"

Mzee akafumba macho. "Mfalme alikuwa na mke kabla ya mama wa Binti Mfalme. Hatajwi. Aliletwa msichana mdogo, akawekwa kule ndani, na mfalme hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alikuwa akinituma mimi nimpelekee salamu. Mimi, na upanga huo huo."

"Mjomba..."

"Nyamaza, nimalize. Nilimwambia ningoje, jua likizama nitarudi nikutoe. Alinijibu kwamba atakuwa akisikiliza upanga. Niliogopa, mpwa wangu. Nilijifungia chumbani, sikurudi. Asubuhi yake hakuwapo, na waashi walikuwa wameitwa kujenga upya sakafu ya upande wa ndani."

"Kwa nini sakafu?"

"Sikuuliza. Mpaka leo sijauliza." Mzee alikuwa analia. "Zile salamu za jana hazikuwa zako. Zilikuwa zangu."

Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Kwaru hakuwa na muda wa kumhurumia mtu. Akaufungua mkanda, akauweka upanga magotini mwa mzee.

"Kama anasikiliza upanga, basi sitakwenda nao," akasema, akatoka.

Alipita ua wa kuku, akapita tanuri la mikate, akapita kamba za nguo za Bibi Povu. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alitembea haraka, mikono mitupu, mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima hakukwaruza kitu.

Kwaru...

Akasimama.

Kimya. Kuku tu.

Akatembea. Kwaru... kwaru... Nyuma yake. Chini, kwenye mawe ya ua. Akaongeza mwendo, nao ukaongeza mwendo. Harufu ya udongo mbichi ikampita puani. Hakugeuka. Aliliona lango la kuni, na penye lango msichana amesimama na furushi dogo, ushungi kichwani.

Msichana akafunua uso.

Alikuwa na mashavu ya mviringo na jino moja la mbele lililopanda juu ya jingine. Macho yalikuwa yamevimba kweli, kama yaya alivyosema. Kwaru alifikiri: basi ndivyo alivyo. Akampenda upya, palepale, kuliko mara zote, na kifua kikamuuma kwa furaha.

"Kwaru!" Binti Mfalme akacheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe uso wako ndio huu? Nilidhani una masharubu. Upanga uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Umeuacha?" Kicheko kikaanza kumpotea usoni. "Mbona nausikia?"

Kwaru akapapasa kiuno chake kitupu.

Binti Mfalme hakuwa akimtazama yeye tena. Alitazama chini, nyuma ya visigino vya Kwaru. Furushi likamdondoka.

"Kwaru... huyo uliyekuja naye ni nani?"

Kitu chenye baridi, chenye maji, kikaingia katika kiganja cha Kwaru. Kidole kimoja kimoja.

"Jua linazama," sauti kavu ikasema kutoka chini. "Turudi ndani."

Alitaka kusema nakupenda. Alitaka kusema kimbia. Alitaka kusema nilikosea, nilidhani ni wewe, nilishika mkono gizani nikadhani ni wako. Kinywa hakikufunguka. Miguu yake ile mifupi, iliyochekwa na baraza zima, ikageuka yenyewe na kuanza kurudi ilikotoka. Nyuma yake alimsikia Binti Mfalme akimwita, "Kwaru! Kwaru, nangoja! Kwaru, rudi!" Alimsikia mpaka ushoroba ulipommeza.

Msichana alingoja pale langoni mpaka yaya alipokuja kumchukua. Mwezi mpya ulipoandama, walimpeleka kwa mumewe. Hakulia. Aliacha neno moja tu kwa yaya: "Ukimwona, mwambie nimeshinda salama."

Yaya alimwona, kila mtu alimwona. Mchana Kwaru alifanya kazi zake, alisimama nyuma ya mfalme, alikula alipopewa chakula. Lakini jua likianza kuzama aliuacha upanga popote alipokuwa, akashuka ushoroba, akaingia chumba cha pazia, akafunga mlango. Mfalme aliambiwa. Hakucheka, na hakutuma mtu kumtoa. Alisema tu chumba kile kisiguswe, na tangu siku hiyo akaacha kulala upande ule wa nyumba.

Mjomba alivumilia kwa muda. Siku moja jioni akaushika upanga kwa mikono yake miwili ya kizee, akaushusha hadi sakafuni, akauburuza ushoroba mzima makusudi ili usikike. Kwaru... kwaru... kwaru... Akausukuma mlango.

Mpwa wake alikuwa kwenye kigoda, amelielekea pazia. Hakugeuka. Mkono wake mmoja ulining'inia mpaka sakafuni, na vidole vyake vilikuwa vimeingia chini ya pazia.

Mzee akapiga magoti. "Ni mimi," akasema. "Unanisikia? Ni mimi niliyekuahidi. Nimekuja. Nichukue mimi, umwachie mtoto wa dada yangu. Nakuomba. Nimekuja."

Kimya.

Kisha pazia likavuta pumzi, taratibu.

"Kwaru," sauti ikauliza, "huyu mzee ni nani?"

"Ni mimi!" Mjomba akapiga kelele. "Sikia upanga!"

"Simjui. Wangu ni kijana."

Kwaru ndipo akageuza kichwa. Alikuwa anatabasamu, kwa upole, kama mtu aliyeingiliwa mazungumzo na mgeni asiyejua adabu. Kwenye nyusi zake na kwenye nywele zake kulikuwa na udongo mbichi.

"Nenda nyumbani, mjomba," alisema. "Sisi tumeshinda salama."